Ukuta Wenye Ufa

Mazungumzo ya redio. Fungu: Walawi 14:33–45

 

Leo tumechagua fungu ambalo wengi wetu hulipita upesi tunaposoma Biblia kwa mfululizo. Limo katika kitabu cha Walawi, mlango wa 14, kuanzia mstari wa 33. Hapo Bwana anasema na Musa na Haruni habari za nyumba iliyopatwa na pigo. Mlango huo ulikwisha kusema habari za mtu mwenye pigo, na sasa unasema habari za nyumba, kuta zake na mawe yake. Tukisema kweli, hata sisi tulizoea kuliruka fungu hili. Tulidhani ni sheria za kale za watu waliokuwa safarini jangwani, zisizowahusu watu wa Bondo. Ukuta wa kanisa letu ndio uliotufanya turudi kulisoma.

Kanisa letu si kubwa. Lilijengwa na wazee wetu kwa mawe, siku zile ambazo akina mama walipandisha maji kutoka ziwani kwa mitungi kichwani ili mafundi wapate kukoroga simiti. Katika ukuta wa mashariki, nyuma ya mimbari, upo ufa. Unaanzia kwenye pembe ya dirisha, unapanda kama ngazi ukifuata viungo vya mawe, hata karibu na paa. Wengine wetu husema uliletwa na tetemeko la mwaka 2016. Wengine husema ulikuwapo zamani, ila tetemeko liliuzidisha. Wengine tena huulaumu udongo wetu mweusi, ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi. Haidhuru. Mara tatu tuliuziba kwa plasta tukapaka rangi juu yake, na mara tatu ulirudi pale pale.

Mara ya nne tulimwita fundi mwingine, kijana wa hapa hapa. Hakuja na simiti wala mwiko. Alikuja na kipande cha kioo, chembamba, kirefu kama kiganja cha mkono. Akakiweka juu ya ufa, akakigandisha kwa plasta huku na huku, akaandika tarehe ubavuni kwa penseli. Tukamwuliza, "Hiyo ndiyo dawa?" Akatujibu, "Wazee wangu, hiyo si dawa. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukiwa umetulia, mtakikuta kizima. Ukiwa unasogea, kitapasuka, nanyi mtajua." Akaenda zake. Tukabaki na kioo chetu nyuma ya mimbari, na kila Jumapili kabla ya wimbo wa kwanza baadhi yetu tulikuwa tunakikodolea macho kuliko tulivyomtazama mhubiri.

Tutakirudia kioo hicho. Kwanza twende ng'ambo ya ziwa.

Ninyi wavuvi mnajua kwamba ziwa letu ni moja. Samaki wadogo tunaowaita omena, wenzetu wa Bukoba huwaita dagaa, lakini ni wale wale. Basi siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, nchi ilitetemeka katika Mkoa wa Kagera. Kitovu cha tetemeko kilikuwa kaskazini-magharibi ya mji wa Bukoba, kama kilomita 40 chini ya ardhi, na wapimaji walilipa kipimo cha 5.9. Lilihisiwa Uganda na Rwanda, hata na huku magharibi mwa Kenya. Huku kwetu vikombe viligongana kabatini, tukatoka nje tukatazamana, kisha tukacheka, tukarudi ndani. Ng'ambo hakuna aliyecheka. Serikali ya Tanzania ilihesabu watu 17 waliokufa na 440 waliojeruhiwa. Maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka hata zisikalike. Shule mbili za sekondari zinazojulikana nchi nzima, Ihungo na Nyakato, zilifungwa kwa sababu majengo yake hayakuwa salama tena, na Ihungo, shule ya kale iliyoanzishwa na wamisionari, ilibidi ijengwe upya. Rais John Magufuli aliahirisha safari yake ya Zambia. Usiku ule na siku zilizofuata watu walilala nje, waliobakiwa na nyumba pamoja na wasiobakiwa nazo, kwa kuwa hakuna aliyeuamini ukuta wake.

Haikuchukua muda, maneno yakaanza. Tuliyasikia sokoni, na kwa aibu yetu tuliyasikia hata mimbarini. Watu walikumbuka kwamba meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Walikumbuka kwamba Kagera ndiko askari wa Idi Amin walikovamia mwaka 1978. Wakajumlisha, wakasema, "Mji ule una neno. Mungu ana deni nao."

Ndugu zangu, Bwana wetu alikwisha kuulizwa jambo hili. Katika Luka mlango wa 13 anautaja mnara wa Siloamu, ulioanguka ukawaua watu kumi na wanane. Anawauliza wasikilizaji wake kama wadhani watu wale walikuwa wabaya kupita wote waliokaa Yerusalemu, naye mwenyewe anajibu kwamba sivyo. Kisha anawageukia wao walio hai na kuwataka watubu. Kwa hiyo mwenye kutumia maiti za jirani kuandika hesabu za dhambi za jirani anabishana na Yesu mwenyewe. Bukoba haikuanguka kwa kuwa ilikuwa mbaya kuliko Kisumu, wala Bondo haikusimama kwa kuwa ni njema.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya neno. Kwa maana walio wengi katika wale waliokufa Kagera hawakumezwa na ardhi. Waliangukiwa na kuta. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta pande zote nne. Ardhi ikiyumba, ukuta wa namna hiyo haushikani na mwenzake. Kila mmoja huenda njia yake, na paa hushuka katikati. Maskini wengi hujenga hivyo kwa sababu udongo haununuliwi. Hatuwezi kuwalaumu. Na sisi wenyewe, ni wangapi wetu tunaokaa katika nyumba za namna ile ile?

Tena tusijidanganye kwamba matetemeko ni ya upande wa pili. Ghuba ya Winam, ambayo juu yake umekaa mji wa Kisumu, imelala katika mkono mmoja wa Bonde la Ufa unaochepuka kuja ziwani. Na katika Bonde lenyewe, huko Subukia, tarehe 6 Januari 1928, lilitokea tetemeko lililo kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa katika Kenya, la kipimo cha karibu 7, likaacha mpasuko ardhini wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30. Siku zile kulikuwa na watu wachache huko, na majumba marefu hayakuwapo. Leo hebu simama katikati ya Kisumu, katika barabara ya Oginga Odinga. Utaona maduka ya kale ya Wahindi, kuta nene na vibaraza, na karibu yake majumba ya ghorofa nyingi yaliyopanda upesi. Yapo yaliyojengwa vizuri. Yapo pia, katika miji yetu yote, ambayo hata aliyeyajenga hangekubali kulala ndani yake. Ni nani anayejua lipi ni lipi? Rangi ni ile ile.

Wala halihitajiki tetemeko. Mwaka ule ule wa 2016, Ijumaa usiku tarehe 29 Aprili, jumba la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi. Ilikuwa mvua tu. Walikufa watu wapatao 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa chini ya kifusi akiwa hai baada ya siku tatu na zaidi, na wengi wetu tulilia kwa furaha tulipomsikia. Lakini ilijulikana pia kwamba wakaguzi walikuwa wamekwisha kusema jumba lile halifai kukaliwa. Neno lilikuwa limesemwa, na watu walikuwa wamelala ndani.

Mmeiona ile alama ya X, ya rangi nyekundu, inayoandikwa ukutani na wakaguzi wa serikali. Maana yake ni kwamba jengo hili ni la hatari, libomolewe. Na mmeona nini baadaye? Mwenye nyumba hupaka rangi juu yake. Mpangaji naye huona kodi imepungua kidogo, akahamia. Hatumcheki mpangaji yule. Mwenye watoto wanne na kibarua cha siku kwa siku hupanga panapolingana na mfuko wake. Mwenye nyumba ndiye tunayetaka kusema naye, na zaidi ya mwenye nyumba twataka kusema na kanisa. Kwa maana mwenye nyumba yule mara nyingine ni mzee wetu wa kanisa. Siku ya harambee hutoa bahasha nene kuliko wote, nasi tunampigia makofi na kumketisha mbele. Ni nani kati yetu amewahi kumwuliza, "Mzee, ile nyumba yako yenye alama, umefika wapi nayo?" Hakuna. Bahasha ikiwa nene, maswali huwa membamba.

Nabii Ezekieli, mlango wa 13, alikutana na watu wa namna yetu. Wengine wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wanakuja kuupaka chokaa ili upendeze. Hasira ya Mungu katika mlango ule inawaka hasa juu ya wale wapakaji. Sisi wahubiri tuusome mlango ule polepole.

Sasa turudi katika Walawi, tuone Mungu aliwafundisha watu wake kufanya nini na nyumba yenye kasoro. Tafadhali fungueni wenyewe nyumbani, msitegemee maneno yetu tu.

La kwanza, anayekwenda kwa kuhani ni mwenye nyumba. Hangoji jirani amshitaki. Anakwenda kwa miguu yake mwenyewe na kusema kwamba aonavyo yeye kuna kitu kama pigo katika nyumba yake. Hana hakika, naye hangoji kuwa na hakika ndipo aende. Neno hilo ni gumu sana kulitamka, ninyi mlio na nyumba za kupangisha mnajua, kwa kuwa ukilitamka umeweka kodi yako na heshima yako mezani.

La pili lilitushangaza. Kuhani haingii mara moja. Anaamuru kwanza nyumba itolewe vyombo vyote kabla yeye hajaingia kutazama, ili vitu vilivyomo visije vikahesabiwa kuwa ni najisi pamoja na nyumba. Tazameni huruma hiyo. Sheria inaweza kuiharibu nyumba, lakini inaokoa kwanza kitanda, sufuria na nguo za watoto. Nasi tumeona katika miji yetu tingatinga likija usiku, watu wamelala, vibanda vinapondwa pamoja na unga na madaftari ya shule. Hata kama kibanda kilistahili kuondolewa, sheria ya Musa ingewaaibisha waliokiondoa namna ile. Mungu ambaye hamwachi mtu akae chini ya ukuta mbovu ndiye huyo huyo asiyetaka sufuria yake ipondwe.

La tatu, nyumba inafungwa siku saba. Kuhani hafanyi haraka. Anatazama, anafunga, anarudi. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye pigo yanang'olewa, udongo wa ndani unakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Nyumba inapewa nafasi. Pigo likirudi baada ya hayo yote, ndipo inavunjwa: mawe, miti, na udongo wote. Na vyote vinachukuliwa nje ya mji, mahali palipo najisi, mtu asije akayaokota mawe yale akajengea choo cha jirani. Hapo tulicheka kidogo barazani, kwa kuwa tunajua nondo za majumba yaliyoanguka huishia wapi.

Basi, kioo chetu. Kilikaa kizima wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Tulianza kumsema fundi kwamba ni mtu wa kuogopesha watu bure. Mvua zikaja. Jumamosi moja akina mama waliokuwa wakifagia walikuta kioo kimepasuka katikati, mstari mmoja mnyofu, kana kwamba kimekatwa kwa kisu.

Tukaitana usiku ule ule. Tuwaambieni kweli, wasikilizaji, jambo la kwanza lililosemwa katika kikao kile si la kumcha Mungu. Mmoja wetu alisema, "Tukitoe kioo, tuweke kingine." Askofu alikuwa aje baada ya majuma mawili kutoa kipaimara, watoto walikuwa wamekwisha kushonewa nguo nyeupe, na wageni wengi walikuwa wamealikwa. Tungewaambia nini? Kioo kipya, plasta kidogo, pazia nyuma ya mimbari, kisha mambo ya ukuta tuyazungumze wageni wakienda. Wengi wetu tulitikisa kichwa kukubali. Watoto wale thelathini na zaidi wangeketi safu za mbele, chini ya ukuta ule, na sisi tulitikisa kichwa kukubali.

Aliyetuzuia ni nyanya mmoja, mmoja wa wale waliobeba maji. Si mzee wa baraza; alikuwa amekaa karibu na mlango akimngoja mjukuu wake amrudishe nyumbani. Alituuliza, "Kioo mnakitoa kwa nini? Kimewakosea nini?" Hatukuwa na jibu. Akaendelea, "Maji ya ukuta huu niliyabeba nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Ninaupenda kuliko ninyi nyote. Lakini ukimwua mtoto mmoja, sitaupenda tena." Kisha akamwita mjukuu wake, wakaenda.

Baada ya hayo tulifungua Walawi.

Hatutaki mfikiri kwamba mambo yaliisha kwa wimbo. Jumapili iliyofuata tulitangaza kwamba jengo limefungwa. Tulitoa kwanza vitu vyote: mabenchi, ngoma, meza ya Bwana, Biblia kubwa ya mimbarini, na saa ya ukutani ambayo haijatembea miaka mingi. Askofu alikuja, akawawekea watoto mikono chini ya mwembe, na kuku wa jirani walipita katikati ya ibada pasipo kumwogopa mtu. Mafundi walianza kuuvunja ukuta kutoka juu, jiwe kwa jiwe, na walipofika katikati walituita tuone. Ndani, kati ya mawe ya nje na mawe ya ndani, palikuwa na udongo mtupu. Wazee wetu simiti iliwaishia, wakajaza udongo, wakaendelea. Hakuna aliyeandika jambo hilo popote. Wote waliolijua wamelala makaburini, nasi tuliketi mbele ya siri yao miaka yote tukiimba.

Tulisimama pale kwa muda. Hatukuweza kuwahukumu. Walitaka Mungu awe na nyumba, na mfuko ulikuwa umekwisha.

Fedha za kujenga ukuta mpya hazijatosha. Jamaa mbili zimehamia kanisa jingine, zikisema sisi tumebomoa kazi ya baba zao. Huenda zinatusikiliza asubuhi hii. Tunawaambia kwamba mahali penu chini ya mwembe pangalipo, na mawe ya baba zenu tumeyapanga vizuri kando, kwa kuwa mawe hayakuwa na kosa. Na wewe mwenye nyumba mjini, ambaye ulikuwa ukitusikiliza na mkono wako ukakaribia kuifunga redio tulipoitaja ile alama nyekundu, usiifunge bado. Nenda leo kwa wapangaji wako, kabla ya mkaguzi, ukawaambie unachokijua juu ya ukuta wako. Wape muda wa kutoa vyombo vyao.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twawakumbuka mbele zako watu wa Kagera waliofiwa siku ile, na wale ambao mpaka leo huamka usiku mlango ukigongwa na upepo. Twawakumbuka waliofiwa Huruma. Wakumbuke mafundi walio juu ya vipandio asubuhi hii, na wenye kuwalipa, wasiwapunje simiti. Utupe sisi wazee wa kanisa ujasiri wa kukiacha kioo mahali pake kikiwa kimepasuka. Na mama yule aliyebeba maji, umwongezee siku, auone ukuta wa pili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.